Kisanduku cha Sita

Njia ya umeme ya kilomita mia tatu ilikuwa imelala juu ya meza mbili katika chumba kimoja Kipawa. Haikuwa na nguzo. Ilikuwa visanduku sita vya chuma vilivyopakwa rangi ya kijivu, kila kimoja kikisimama badala ya kilomita hamsini, vimeunganishwa kwa nyaya nene kama kidole gumba. Inspekta Yustina Haule alivipita vyote mara mbili, mikono nyuma, kisha akasimama penye alama ya chaki sakafuni. Hapo ndipo Mhandisi Leonardi Komba, mkuu wa kituo hicho kidogo cha mafunzo, alipoanguka jana yake, Ijumaa, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mbele ya wageni kumi na wawili. Hakuinuka tena.

"Shikamoo, afande," alisema msichana aliyesimama mlangoni. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Marahaba. Wewe ndiye Clara?"

"Ndiyo. Mhandisi msaidizi."

"Nieleze mtambo huu kama unavyomweleza mtu aliyefeli fizikia. Maana nilifeli."

Clara alivuta pumzi. Alipoanza kueleza, sauti yake ilitulia, kama mtu aliyefika kwenye njia anayoijua.

"Njia ya kweli, inayotoa umeme bwawani na kuuleta mjini, huwezi kuichezea. Ukikosea, mkoa mzima unalala giza. Kwa hiyo tunaijenga ndogo, ndani ya chumba, halafu tunaisumbua tunavyotaka. Waya mrefu una tabia mbili. Unaubana umeme unapopita, hiyo tunaiiga kwa koili. Na unaweka chaji kati yake na ardhi, hiyo tunaiiga kwa kapasita. Kilomita hamsini, kisanduku kimoja."

"Hiyo chaji inabaki hata ukizima swichi?"

"Inabaki. Swichi ikizimwa, visanduku vinatengana, kila kimoja na chaji yake. Ndiyo maana kila kisanduku kina rezista ya kuimwaga. Nusu dakika tu, imekwisha. Na hii taa nyekundu juu ya mfuniko inakwambia. Ikiwaka, usiguse. Ikizimika, fungua."

"Jana taa ya kisanduku cha sita?"

"Ilikuwa imezimika. Mkuu aliiangalia kabla ya kufungua. Nilimwona akiiangalia."

Sajenti Jonas alivaa glavu, akaomba kwanza fundi wa polisi ahakikishe mtambo hauna chaji, kisha akainua mfuniko wa kisanduku cha sita na kumulika tochi ndani. Hakutafuta sana.

"Afande, huu umekatwa. Na huu."

Waya mmoja ulikuwa wa rezista. Wa pili ulikuwa wa taa. Ncha zote zilikatwa safi, kwa koleo kali, kisha zikasukumwa nyuma ya koili zisionekane. Yustina aliinama akaziangalia kwa muda.

"Aliyekata mmoja angeweza kuwa mzembe," alisema. "Aliyekata miwili alitaka chaji ibaki na taa inyamaze. Kuna kitu humu kinachoandika kumbukumbu?"

Kompyuta ya pembeni iliandika volti za kila kisanduku, sekunde kwa sekunde, kupitia mita zake yenyewe. Clara alifungua faili la Ijumaa. Yustina alitegemea kuona mchoro mmoja, wa saa nne. Ilikuwepo miwili. Wa kwanza ulikuwa wa saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi.

"Hapo hakuna mtu aliyekuwa amefika," Clara alisema. "Wala hakukuwa na jaribio."

"Soma ulichokiona."

"Mtambo umewashwa dakika tatu. Ukazimwa. Mistari mitano imeshuka mpaka sifuri." Aliweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Wa sita umebaki juu."

"Yaani aliyekata alipima kazi yake."

"Na alipima bila mzigo, afande. Huku mwisho kuna hita tunazoziunganisha kama mji unaotumia umeme. Yeye alizichomoa. Njia ndefu ikikosa mtumiaji, msongo wa mwishoni unapanda kuliko ulioingia mwanzoni. Ndicho tulichotaka kuwaonyesha wageni. Hapa aliingiza volti elfu moja. Kisanduku cha sita kilikuwa na elfu moja na mia moja."

"Nani humu anajua jambo hilo?"

"Mkuu. Mimi. Na dada Demetria, fundi wetu."

"Saa moja na dakika kumi na mbili ulikuwa wapi?"

Clara aliangalia dirisha. "Nilikuwa na shughuli yangu."

"Ya wapi?"

"Binafsi, afande."

Yustina hakumsukuma. Alikwenda kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani. Karibu na maneno *kufungua kisanduku cha 6* kuliandikwa *L. Komba*.

"Hiyo ni ya Jumatatu," Clara alisema. "Alhamisi saa kumi jioni Mkuu aliibadilisha kwa mdomo. Alinipa mimi nieleze, nifungue, niwaonyeshe wageni nyaya za ndani."

"Alisema mbele ya nani?"

"Dada Demetria tu. Tulikuwa watatu hapa."

"Na jana ikawaje akafungua yeye?"

"Alinishika mkono dakika ya mwisho. Akasema kaa, nitafungua mwenyewe."

"Kwa nini?"

Ndege ilipita chini juu ya paa, vioo vikatetemeka. Ilipokwisha kupita Clara alikuwa bado hajajibu, na Yustina aliona kwamba hatajibu.

Nje, Jonas alikuwa amemaliza na mlinzi wa geti. "Jumanne mume wa huyu binti alikuja hapa anafoka," alisema. "Stephano. Alitaka Komba atoke nje wapigane. Ana duka Buguruni. Anauza vifaa vya umeme, afande. Nyaya, soketi." Alifunga daftari. "Na koleo."

---

Duka la Stephano lilikuwa finyu, limejaa mpaka darini. Mwenyewe alikuwa kijana mnene wa miaka thelathini na tatu, shati limefungwa vifungo vyote. Alipoona kitambulisho hakushtuka. Alionekana kama mtu aliyekuwa akiwangoja.

"Mie sijaua mtu, afande. Nilitaka kumpiga. Kumpiga na kuua si kitu kimoja."

"Kwa nini ulitaka kumpiga?"

"Ana mke wangu."

"Umewaona?"

"Mwanamke anatoka kazini saa kumi. Wangu anafika nyumbani saa mbili usiku. Nikimuuliza, anafanya mazoezi ya kuongea mbele ya wageni. Mazoezi, afande! Wiki tatu! Kwani anaenda kuimba kwaya?" Alicheka bila furaha. "Komba mgane. Mke wake kafa miaka minne. Nyumba yake Kinondoni ipo tupu. Mie ningefikiri nini?"

"Jana saa moja asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nilikuwa nashusha marobota ya waya."

Ng'ambo ya uchochoro mama mmoja aliyeuza chai na vitumbua alikuwa ameacha kumimina, anasikiliza wazi bila kujificha. Yustina alimgeukia.

"Mama, unamfahamu huyu?"

"Namfahamu sana. Naitwa Nusaiba, kila mtu hapa ananijua. Jana saa moja hiyo hiyo alikuwa anagombana na dereva wa kirikuu aliyemletea mzigo, ati robota moja halipo. Walinimwagia chai yangu hapa. Muulize kama kanilipa."

"Nitakulipa, Mama Nusaiba," Stephano alisema kwa uchovu.

Jonas aliandika. Kutoka Buguruni hadi Kipawa si mbali, lakini mtu hawezi kugombana na dereva huku na kuwasha mtambo kule. Yustina alikuwa tayari anafikiria jambo jingine.

"Hizo habari za mazoezi, za kuchelewa. Nani alikutia wasiwasi kwanza? Wewe mwenyewe?"

Stephano alitoa simu mfukoni, akafungua ujumbe, akaisukuma juu ya kaunta kama mtu anayesukuma kitu kinachonuka.

Namba haikuwa na jina. Ujumbe ulikuwa mitatu. Wa kwanza: *Mkeo na bosi wake wanabaki peke yao kila siku. Muulize wanafanya nini.* Wa pili ulikuwa wa Jumatatu, mkali zaidi. Wa tatu ulitumwa Alhamisi, saa kumi na moja na dakika tano jioni: *Kesho kamweka mbele ya wageni wote, kisanduku cha mwisho amempa yeye. Wewe endelea kuuza soketi.*

"Ulipiga namba hii?"

"Haipatikani. Kila nikipiga, imezimwa."

"Kisanduku cha mwisho ni nini?"

"Sijui. Nilidhani ni zawadi."

Yustina aliusoma wa tatu mara nyingine. Komba alibadilisha ratiba saa kumi, kwa mdomo, mbele ya watu wawili. Saa moja na dakika tano baadaye mtu alikuwa amekwisha kumwandikia Stephano, na mtu huyo alijua. Ukutani bado lilikuwepo jina la Komba. Mtu wa nje aliyetaka kumuua Komba angefuata ratiba ya ukutani. Aliyeandika ujumbe huu alijua mkono utakaoingia kisanduku cha sita ni wa Clara.

"Jonas," alisema polepole, "tumekuwa tukiuliza nani alimchukia Komba."

Kabla hajamaliza, Clara mwenyewe alitokea uchochoroni, mkoba umebanwa kwapani. Alikuwa ametembea haraka.

"Umemfuata afande, au umenifuata mie?" Stephano alimuuliza.

"Nimewafuata wote wawili." Alimgeukia Yustina. "Uliniuliza nilikuwa wapi. Sikutaka kusema kabla hajasikia yeye."

Alitoa kadi ya kliniki mkobani akaiweka juu ya kaunta, juu ya simu.

"Wiki tisa," alisema. "Jana saa moja nilikuwa kwenye foleni ya kliniki, Temeke. Namba ya nne. Nesi ameandika na saa, hapo."

Stephano aliichukua kadi. Aliisoma kama mtu anayesoma mkataba, mstari kwa mstari. Walikwisha poteza mimba mbili. Hilo Clara alilisema kwa sauti ndogo, akimweleza Yustina, lakini akimtazama mumewe.

"Nani mwingine anajua?" Stephano aliuliza.

"Mkuu. Nilichelewa kazini, ikabidi nimweleze sababu. Nilimwambia mlangoni mwa stoo, akanipongeza. Halafu dakika ya mwisho akaniambia nisiguse kitu. Nilipanga nikwambie wewe jioni, Stephano. Jioni ikawa msiba."

Stephano alikaa juu ya robota la waya. Kadi ilikuwa bado mkononi.

"Aliambiwa kabla yangu," alisema.

Mtu alikuwa amekufa, mkewe alikuwa amesimama mbele yake mzima na mtoto tumboni, na bado hilo ndilo lililomtoka kwanza. Clara alifumba macho.

"Ndiyo, aliambiwa kabla yako," Yustina alisema. "Na ndiyo maana mkeo yu hai. Mpe maji akae. Na mlipe Mama Nusaiba chai yake."

---

Demetria Kamugisha aliletwa kituo cha polisi saa tisa alasiri kutoka msibani Kinondoni. Tangu Ijumaa alikuwa huko, akisimamia wapishi, akipokea wageni, akitafuta turubai na viti. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, mrefu, amejifunga khanga juu ya gauni, mikono yake ina makovu madogo ya moto wa kulehemu. Alikaa wima. Aliweka simu yake mezani mbele yake, akaomba radhi.

"Sitaizima, afande. Kuna watu wa msiba wako njiani."

"Iache hapo."

Jonas alimsomea onyo: kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalosema litaandikwa. Demetria aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa.

"Jana ulifika kazini saa ngapi?" Yustina alianza.

"Saa tatu kasoro. Nimesaini kitabu getini."

"Una ufunguo wa mlango wa nyuma?"

"Ninao. Mimi ndiye fundi."

"Wakati wa onyesho ulikuwa wapi?"

"Kwenye swichi kuu, mwanzo wa meza. Nilizima, nikahesabu nusu dakika, nikainua mkono kumpa ishara. Akaenda kufungua."

"Ulimpa nani ishara?"

"Clara. Ratiba ilikuwa Clara."

"Lakini akaenda Komba."

"Akaenda yeye."

Yustina alimwangalia Jonas. Jonas aliweka kompyuta ndogo mezani. Mmoja wa wageni, mwalimu wa chuo aitwaye Rogers, alikuwa amerekodi onyesho lote kwa simu yake. Picha ilikuwa nzuri. Clara alionekana akisogea, Komba akimshika mkono, akimrudisha nyuma, akiinama mwenyewe juu ya kisanduku. Kisha ukelele wa mwanamke, mlio kama wa bastola, na vurugu.

"Huo ukelele ni wa nani?"

"Wangu. Nilipiga kelele alipoanguka. Kila mtu alipiga."

"Katika maelezo tuliyochukua jana," Yustina alisema, "mashahidi watatu wameandika kwamba walisikia mtu akisema 'leo acha'. Sajenti wangu alihangaika nayo. Alidhani ni leo, ya jana na kesho. Jonas, irudishe. Polepole."

Jonas aliirudisha. Komba aliinama. Mkono wake ulikuwa bado hewani, umbali wa upana wa sahani kutoka kwenye waya. Sauti ya Demetria ilisikika wazi: *Leo, acha!* Kichwa cha Komba kilianza kugeuka kuitika. Mkono uliendelea kushuka.

"Umepiga kelele kabla," Yustina alisema. "Swichi umeizima wewe. Nusu dakika umeihesabu wewe. Taa ilikuwa imezimika. Kila mtu katika chumba kile alijua pale pana usalama. Mmoja tu ndiye aliyejua pana kifo, na alikaa kimya alipodhani anakwenda Clara. Alipoona ni Komba, akapiga kelele."

Demetria alikuwa anaangalia picha iliyosimama.

"Wengine wote wanamwita Mkuu," Yustina aliongeza. "Wewe peke yako unamwita Leo."

Nje mtu alikuwa anabishana na polisi wa kaunta kuhusu pikipiki iliyokamatwa.

"Vile visanduku nimevisuka mimi," Demetria alisema hatimaye. "Miaka sita. Koili zote, kwa mkono, mizunguko mia tatu kila moja, mpaka vidole vikatoka malengelenge. Yeye anakokotoa, mimi nasuka. Usiku nampelekea chakula. Alikuwa ananiambia, Deme, siku wageni wakija utasimama wewe, hakuna anayeijua njia hii kama wewe." Alikunja vidole. "Akaja mtoto na digrii yake. Wiki tatu anabaki naye. Anamfundisha kusema maneno yangu. Alhamisi akanitazama usoni akasema, kisanduku cha sita atafungua Clara, wageni watafurahi kumwona kijana. Kama vile mimi ni meza."

"Ndipo ukamwandikia mumewe?"

"Nilikuwa nimeshamwandikia tangu mwanzo. Nilitaka amtoe kazini. Akaishia kufoka, mwoga yule." Aliinua uso. "Sikutaka kuua, afande. Nilitaka aungue mkono. Aogope, aache kazi, basi."

"Ulipima, Demetria."

Demetria alibana mikono yake juu ya meza.

"Saa moja na dakika kumi na mbili ulichomoa hita, ukawasha, ukazima, ukasubiri. Kompyuta ilikuonyesha volti elfu moja na mia moja zimebaki ndani ya kisanduku. Wewe unazijua kapasita zile kwa majina. Uliiona namba hiyo na bado ukafunga mfuniko."

Makovu ya mikononi yalikuwa yamekwenda meupe kwa kubanwa. Jonas aliandika, akasubiri, akaandika.

"Jana asubuhi niliwaona mlangoni mwa stoo," Demetria alisema. "Alimshika bega. Alicheka. Sijamwona akicheka vile tangu amzike mke wake. Kama nilikuwa nimebakiwa na huruma, iliishia pale. Walikuwa wanasema nini?"

"Clara alikuwa ametoka kliniki. Ana mimba ya mumewe. Komba alikuwa anampongeza."

Demetria alivuta khanga mabegani kana kwamba chumba kimepoa ghafla.

Simu iliyokuwa mezani ilianza kuita. Jina lililotokea lilikuwa *Mama Leo Mbinga*. Demetria alinyoosha mkono, lakini Yustina alikuwa amekwisha kuivuta upande wake. Aliipokea, akaiweka kwenye spika.

"Mwanangu Demetria?" Sauti ilikuwa ya mwanamke mzee, ya kusini, inayotamka kila neno mpaka mwisho. "Basi limefika. Niko hapa stendi ya Mbezi, nimekaa kwenye viti."

"Shikamoo, mama," Yustina alisema.

"Marahaba. Sauti imekubadilika, mwanangu. Umelia sana."

Yustina alimtazama mwanamke aliyekaa mbele yake. Alikuwa amekwisha fungua kinywa ili aseme yeye ni nani, lakini mama yule hakuwa mtu wa kungoja.

"Nilikuwa nataka nikuone kwa furaha, si hivi. Kila akipiga simu, Deme, Deme. Aliniambia mwezi wa kumi na mbili atakuleta nyumbani, niandae watu. Nimekuja na kitenge nilichokununulia. Nimesema acha nije nacho tu, nikikiacha nyumbani nitakuwa nakiangalia."

Demetria alikuwa ameinamia meza taratibu mpaka paji la uso likagusa mbao, na sauti iliyomtoka haikuwa ya kulia. Jonas aliacha kuandika.

"Mwanangu? Upo?"

Yustina alizima spika, akaiweka simu sikioni, akasimama akauelekea ukuta.

"Mama, mimi naitwa Yustina. Yustina Haule, wa kwetu huko huko Songea," alisema. "Kaa hapo hapo, usitoke na mtu. Nakuja kukuchukua mwenyewe."